Seli za kinga za utumbo: je, ndizo zinazoanzisha mchochota, au zinaitikia jambo lililozitangulia?

1. Mkomani

Assalaam alaykum. Mdogo wangu, mkaazi wa hapa Amu, ametibiwa amiba mara kwa mara, kisha akatibiwa vidonda vya tumbo, kisha homa ya matumbo, na muda huo wote alizidi kukonda na kuumwa upande wa kulia chini ya kitovu. Mwishowe tulimpeleka Mombasa, akapigwa kamera ya utumbo, akachukuliwa vinyama vya kupimwa, na jibu likarudi kwamba ana ugonjwa wa Crohn, mmoja kati ya magonjwa mawili makuu ya mchochota wa utumbo, yaani utumbo kuvimba na kuwaka. Daktari alimweleza kwamba seli zake za kinga, ambazo ni askari wa mwili, zimegeuka na kuushambulia utumbo wenyewe, kwa hiyo atapewa dawa za kuzipunguza nguvu.

Maelezo hayo yamenisumbua, kwa sababu askari hageuki bila jambo. Ikiwa seli hizi ndizo chanzo, kuzituliza ni tiba. Lakini ikiwa zinaitikia jambo lililozitangulia, basi tunatibu matokeo na kuiacha sababu mahali pake. Ninaomba wenye ujuzi waniambie ni lipi kati ya hayo mawili, na kwa ushahidi gani.

2. Maalim_wa_Biolojia

Wa alaykum salaam, na umpe mdogo wako pole kutoka Malindi. Swali lako ndilo ambalo watafiti wenyewe wanabishania, kwa hiyo nitaanza na mambo yasiyo na ubishi.

Ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa na safu moja tu ya seli, na safu hiyo hujiumba upya kila baada ya siku 3 hadi 5. Juu yake kuna ute. Katika utumbo mpana ute huo una matabaka mawili, na tabaka la ndani, kwa mtu mwenye afya, kwa kawaida halina bakteria. Chini ya safu hiyo ndipo yalipo makazi makubwa kabisa ya seli za kinga mwilini. Katika utumbo mwembamba, hasa sehemu yake ya mwisho, kuna makundi ya seli hizo yanayoitwa mabaka ya Peyer, kwa jina la tabibu wa Uswisi Johann Conrad Peyer aliyeyaeleza mwaka 1677, na ni katika sehemu hiyo hiyo ya mwisho ambapo ugonjwa wa Crohn hupatikana mara nyingi zaidi. Ndiyo maana mdogo wako anaumwa upande wa kulia.

Mfano wa askari una upungufu mmoja mkubwa: kazi ya seli hizi, karibu wakati wote, ni kujizuia. Chakula ni kitu kigeni, bakteria wa tumboni ni wageni, na kama mwili ungepigana na kila kigeni kinachopita tusingeweza kula. Seli ziitwazo makrofaji katika ukuta wa utumbo humeza bakteria anayepenya bila kutoa ishara ya hatari. Seli za plazma hutoa gramu kadhaa za kingamwili aina ya IgA kila siku, na IgA hiyo huwashika bakteria ndani ya ute kabla hawajaugusa ukuta. Kuna pia seli T (aina ya chembe nyeupe za damu) za udhibiti, ambazo pamoja na makrofaji hizo hutoa interleukini 10, protini ya ishara ya kuzituliza seli nyingine. Kwa maoni yangu ugonjwa huanza pale udhibiti huo unaposhindwa: seli T za kushambulia huongezeka, makrofaji changa kutoka kwenye damu hufika zikiwa na ukali wake, nyutrofili (chembe nyeupe za damu zinazokimbilia penye maambukizo) humiminika, na protini za ishara kama TNF pamoja na interleukini 12 na 23 huita seli nyingine zaidi, hadi ukuta unachimbika vidonda.

3. Maabara_Maweni

Ahsante Maalim kwa maelezo yaliyonyooka. Hata hivyo, kabla hatujajadili udhibiti wa seli, ninaomba tusimame kwanza hapa Pwani tunapoishi.

Kifua kikuu cha utumbo hupenda mahali hapo hapo, pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana, nacho huleta maumivu yale yale, homa ile ile na kukonda kule kule. Chini ya darubini magonjwa yote mawili huonyesha vifundo vya seli za kinga. Katika kifua kikuu mara nyingi vifundo ni vikubwa na katikati yake pameoza, ilhali katika Crohn ni vidogo na havina uozo huo. Nimesema mara nyingi, kwa sababu kinyama kidogo kilichokatwa pembeni kinaweza kumpotosha hata mpimaji hodari. Ndiyo sababu baadhi ya madaktari, wanapobaki na shaka, humpa mgonjwa dawa za kifua kikuu kwa miezi michache na kuangalia tena kwa kamera iwapo vidonda vimepona.

Na jambo hili linagusa swali lako moja kwa moja, ndugu Mkomani. Dawa za kuzuia TNF zinaweza kukiamsha kifua kikuu kilichojificha, hatari iliyotangazwa wazi mwaka 2001, muda mfupi baada ya infliksimabu, mojawapo ya dawa hizo, kuruhusiwa Marekani mwaka 1998. TNF ile ile inayomuumiza mgonjwa wa Crohn ndiyo inayovishikilia pamoja vifundo vinavyomfunga bakteria wa kifua kikuu. Je, mdogo wako alipimwa kifua kikuu kabla ya kuanzishiwa dawa?

4. Mkomani

Shukran, Maabara. Alipigwa picha ya kifua, akapimwa damu, na kinyama kilitafutwa bakteria hao pia. Havikuonyesha kitu. Dawa za TNF hajaanza. Yuko kwenye steroidi na azathioprini, dawa za kutuliza kinga.

5. Bint_Shela

Nimeguswa na uzi huu kwa sababu mimi nina ule ugonjwa wa pili, kolitisi ya vidonda, na ninaona mazungumzo yanakwenda kana kwamba magonjwa haya ni kitu kimoja. Kolitisi ya vidonda huanza kwenye puru na kupanda juu bila kuruka mahali, hukaa ndani ya utumbo mpana peke yake, na hula tabaka la juu la ukuta. Crohn hurukaruka, huacha sehemu nzima katikati ya sehemu mbovu, huweza kutokea popote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa, na hupenya unene wote wa ukuta, ndiyo maana wengine hupata vijitundu vinavyotokea kwenye ngozi au kwenye kibofu. Vile vifundo alivyovieleza Maabara mimi sikuwa navyo.

Swali langu kwa Maalim ni hili. Ikiwa tatizo ni udhibiti wa seli T kushindwa, na seli hizo zinazunguka mwili mzima, kwa nini ugonjwa wangu unaishia kwa mstari, upande mmoja ukuta unatoka damu na vidole viwili juu yake ukuta mzima kabisa? Nimeuona mstari huo kwa macho yangu kwenye skrini ya kamera.

6. Mfamasia_Barani

Swali la Bint Shela ndilo linalonifanya niwe upande wa ukuta, yaani wa wanaosema kasoro huanzia kwenye ukuta wa utumbo. Kwa wagonjwa wa kolitisi ya vidonda tabaka la ndani la ute hupitisha bakteria. Wakishaugusa ukuta, seli za kinga zilizo chini hazina budi kuitikia, kwa sababu ndiyo kazi zilizoumbiwa. Kwa hiyo, ndugu Mkomani, mimi ningesema seli hizi ni shahidi wa kosa lililotendeka kwingine.

Dawa zinaniunga mkono. Mwaka 2012 yalichapishwa majaribio ya sekukinumabu, dawa inayozuia interleukini 17, kwa wagonjwa wa Crohn. Kila mtu alitarajia nafuu, kwa sababu interleukini hiyo imejaa kwenye utumbo mgonjwa, na dawa yenyewe inawasaidia sana wagonjwa wa soriasisi, ugonjwa wa ngozi. Wagonjwa wa Crohn walizidi kuugua. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba interleukini 17, pamoja na ukali wake, huulisha na kuukaza ukuta wa utumbo. Ukiiondoa, unaondoa mchochota kidogo na unaondoa ukarabati mwingi. Basi tuwe waangalifu kabla ya kuziita seli hizi maadui.

7. Maalim_wa_Biolojia

Nimekusikia, Mfamasia, lakini kuna ushahidi ambao upande wa ukuta peke yake hauwezi kuubeba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Fiona Powrie na wenzake waliwapa panya wasio na seli T zao aina moja ya seli T kutoka kwa panya wazima, na panya hao wakapata kolitisi, yaani mchochota wa utumbo mpana. Walipowaongezea aina nyingine, ile ya udhibiti, ugonjwa haukutokea. Ukuta wa panya hao ulikuwa mzima. Kilichobadilishwa ni seli za kinga peke yake.

Mwaka 1993 walitokea panya waliotolewa jeni ya interleukini 10, nao pia waliugua utumbo. Na kwa binadamu, mwaka 2009 iligunduliwa kwamba watoto wachache wanaozaliwa na kasoro katika kipokezi cha interleukini 10 hupata mchochota mkali wa utumbo wakiwa wachanga, na baadhi yao wamepona kwa kupandikizwa uboho wa mfupa, yaani kwa kubadilishiwa seli za kinga, huku ukuta wa utumbo ukibaki ule ule waliozaliwa nao. Ningependa kusikia utakavyolijibu hilo.

8. Mfamasia_Barani

Nitalijibu kwa panya wako mwenyewe, Maalim. Wale waliokosa interleukini 10 walipolelewa katika mazingira yasiyo na bakteria hata mmoja, hawakuugua. Seli zilikuwa na kasoro ile ile, udhibiti haukuwapo, na utumbo ukabaki mzima.

Na kwa binadamu nenda Leuven, Ubelgiji. Wagonjwa wa Crohn waliokatwa sehemu ya utumbo, kisha njia ya chakula ikaelekezwa nje kwa muda, sehemu iliyopumzishwa haikuugua tena. Katika utafiti uliochapishwa 1998, majimaji ya utumbo wa mgonjwa mwenyewe yalipomiminwa kwenye sehemu ile iliyopumzishwa, dalili za mchochota zilionekana kwenye vinyama baada ya siku chache. Kuna kitu katika kinachopita ndani ya utumbo, na bila hicho seli hutulia. Kesi za watoto uliowataja nazikubali, lakini ni nadra sana, na mdogo wa Mkomani hana kasoro hiyo, kwa sababu alikua mzima hadi ujanani.

9. Bwana_Siyu

Nimewasoma wote kwa makini. Mimi ni mkulima na si tabibu, lakini nimeishi miaka mingi na ninasema nilichokiona. Sisi tulikulia na minyoo, tulioga kwenye mabwawa, tulikunywa maji ya jabia, na ugonjwa huu wa Crohn hatukuusikia kwa yeyote. Vijana wa leo wanameza dawa za minyoo shuleni, wanakunywa maji ya chupa, na sasa seli zao za kinga hazina kazi. Je, haiwezekani kwamba zimeugeukia mwili kwa sababu adui ambaye ziliandaliwa kumkabili ameondolewa?

10. Muuguzi_wa_Faza

Shikamoo Bwana Siyu. Hoja yako wameitoa pia watafiti wakubwa. Mwaka 1989 David Strachan wa Uingereza alieleza kwamba watoto wenye ndugu wengi walipata mizio ya pua kwa uchache, akadhania kwamba maambukizo ya utotoni yanalinda. Wengine wakaipeleka dhana hiyo kwenye utumbo, kwa sababu minyoo, ili waishi ndani yetu bila kufukuzwa, huchochea seli T za udhibiti zile zile alizozieleza Maalim. Joel Weinstock na wenzake Marekani waliwapa wagonjwa mayai ya mnyoo wa nguruwe, na matokeo ya kwanza, 2005, yalitia moyo. Lakini majaribio makubwa zaidi kwa wagonjwa wa Crohn, yaliyotangazwa 2013, hayakuonyesha faida kuliko dawa bandia.

Kwa heshima yote, mzee wangu, ninaomba pia tusiwasifu minyoo. Ninawahudumia watoto waliopungukiwa damu kwa sababu ya safura na wanaokojoa damu kwa sababu ya kichocho, na hao ninawaona kila juma. Na kuhusu kutousikia ugonjwa huu, zamani ni nani hapa alipigwa kamera ya utumbo? Watu walikufa kwa tumbo, wakazikwa, na jina la ugonjwa halikutafutwa.

11. Bwana_Siyu

Marahaba mwanangu. Umenijibu kwa adabu, nami minyoo siwatetei. Lakini hata ukisema hatukupimwa, bado kuhara damu kwa miaka na miaka kungeonekana katika mji mdogo, na hatukukuona.

12. Msafiri_Leicester

Salamu kutoka Uingereza. Mimi ni mzaliwa wa Malindi. Mji ninaoishi una jibu la sehemu kwa Bwana Siyu. Leicester ina Wahindi wengi, baadhi yao waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 na wengine waliotoka Kenya, na tafiti zilizofanywa hapa miaka ya mwanzo ya 1990 zilionyesha kwamba kolitisi ya vidonda iliwapata kwa wingi kuliko Wazungu wa hapa. Jeni za watu hao hazikubadilika kwa kuhama. Kilichobadilika ni chakula, dawa za antibiotiki, hewa, na bakteria wa tumboni. Mimi sioni namna ya kueleza jambo hilo kwa kasoro ya seli peke yake wala kwa kasoro ya ukuta peke yake.

13. Maabara_Maweni

Jeni nazo tusizitupe. Mwaka 2001 makundi mawili ya watafiti yaligundua kwamba mabadiliko katika jeni ya NOD2 huongeza hatari ya Crohn. Jeni hiyo ipo katika makrofaji na katika seli za Paneth, zile zinazokaa chini ya mikunjo ya utumbo mwembamba na kutoa kemikali za kuua bakteria, na kazi yake ni kutambua kipande cha ganda la bakteria. Tazameni ajabu yake: mabadiliko hayo huidhoofisha. Kwa hiyo ugonjwa tunaouita wa kinga iliyozidi, kwa baadhi ya wagonjwa, huanza na kinga iliyopungua. Seli ya kwanza inashindwa kumwondoa bakteria mapema, bakteria anabaki, na seli za baadaye zinalipa kwa ukali. Hilo kwangu linawapatanisha Maalim na Mfamasia kwa kiasi.

Kwa kiasi tu, kwa sababu wengi wenye mabadiliko hayo hawaugui kamwe, na kwa Wajapani mabadiliko hayo hayaonekani ilhali Crohn ipo kwao. Baada ya hapo zimepatikana sehemu zaidi ya 200 za jeni zinazohusika na magonjwa haya mawili, nyingi zikiwa na mchango mdogo sana kila moja. Hata kwa mapacha wanaofanana kabisa, mara nyingi mmoja huugua Crohn na mwenzake akabaki mzima.

14. Nahodha_wa_Kusi

Nilisoma kwamba ugonjwa huu uligunduliwa na daktari Crohn peke yake mwaka 1932, maana yake ni ugonjwa mpya. Basi hoja ya maisha ya kisasa ina nguvu.

15. Mfamasia_Barani

Nahodha, makala ya 1932 iliandikwa na watatu, Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, wote wa New York. Na kolitisi ya vidonda ilikwisha kuelezwa na Samuel Wilks wa London mwaka 1859. Kupewa jina hakuthibitishi upya wa ugonjwa, ingawa ni kweli kwamba umeenea sana tangu wakati huo, na sasa unaongezeka katika nchi ambazo viwanda na miji vimekua karibuni.

16. Mama_Gede

Ninaomba jambo la jikoni, maana binti yangu ana kolitisi na kila jirani ana shauri lake. Mmoja anasema aache pilipili, mwingine nazi, mwingine mbaazi. Mtoto amebaki na uji na chai. Je, seli hizi za kinga zinahusiana vipi na chakula?

17. Bint_Shela

Mama, usimwache na uji peke yake, atapungukiwa damu. Mimi wakati wa kutoka damu ninapunguza vitu vyenye nyuzi ngumu na pilipili, kwa kuwa vinaniumiza, na hali ikitulia ninakula wali wa nazi, samaki na mbaazi kama watu wote. Pilipili huongeza maumivu, lakini kwangu haijawahi kuurudisha ugonjwa. Na Mfamasia ananijua tangu shule, atasema ninaitetea pilipili kwa mapenzi.

18. Mfamasia_Barani

Ninalithibitisha hilo la mapenzi, na ushauri wake kwa Mama Gede ni mwema, ila daktari wa binti aulizwe kila anapobadilisha chakula.

Kuhusu seli: nyuzi za mboga na nafaka hatuwezi kuzimeng’enya sisi, bali bakteria wa utumbo mpana huzichachua na kutoa asidi fupi za mafuta, hasa butireti. Butireti ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana, na tafiti za panya za 2013 zilionyesha kwamba huongeza seli T za udhibiti. Mmoja wa bakteria wanaoitengeneza, Faecalibacterium prausnitzii, hupungua kwa wagonjwa wengi wa Crohn. Kama kupungua kwake ni sababu au ni tokeo la utumbo kuwa mgonjwa, hapo tunarudi kwenye ubishi ule ule. Kwa watoto wenye Crohn, kulishwa maziwa maalumu ya hospitali peke yake kwa majuma kadhaa huutuliza ugonjwa karibu sawa na steroidi, na hiyo kwangu ni hoja nyingine kwamba kinachopita ndani ya utumbo kina uzito mkubwa.

19. Muuguzi_wa_Faza

Kwa kuwa mdogo wa Mkomani hajaanza dawa za TNF lakini huenda akazihitaji, niseme neno la vitendo. Sindano hizo huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi, na zikiganda huharibika sawa na zikipata joto. Anayezitoa Mombasa kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa mashua hadi Amu, asiziweke zikigusana na barafu ndani ya kisanduku. Azifunge kwa kitambaa, na barafu ikae pembeni. Nimeona sindano za familia moja zimeharibika kwa kugandishwa na ndugu waliodhani baridi zaidi ni salama zaidi.

20. Bint_Shela

Nami niongeze kuhusu Ramadhani, maana mdogo wake atauliza. Ugonjwa ukiwa umeamka, sifungi, na Qur’ani imempa mgonjwa ruhusa hiyo, aya ya 185 ya Suratul Baqara. Ukiwa umelala, daktari wangu aliniruhusu na kunipangia dawa wakati wa futari na daku. Steroidi asiziache ghafla kwa sababu ya saumu. Kuziacha ghafla ni hatari kwa mwili mzima.

21. Nahodha_wa_Kusi

Kuna jambo moja halijajibiwa na upande wowote. Daktari aliniambia kwamba sigara huzidisha Crohn, lakini kolitisi ya vidonda huonekana kwa uchache kwa wavutaji, na wengine hupatwa baada ya kuacha kuvuta. Kama chanzo ni kimoja, moshi mmoja unafanyaje mambo mawili?

22. Maalim_wa_Biolojia

Habari hiyo ni ya kweli, Nahodha, na imerudiwa katika tafiti nyingi. Wengine husema moshi huongeza ute katika utumbo mpana, wengine husema hubadilisha mtiririko wa damu au bakteria, na hakuna maelezo yaliyokubaliwa. Mgonjwa asivute kwa kutafuta dawa. Madhara ya mapafu na moyo ni makubwa kuliko faida yoyote. Kwangu mimi jambo hilo linaonyesha kwamba Bint Shela alikuwa na haki kutuzuia tusiyachanganye magonjwa mawili.

Ninarudi kwenye swali lake la mstari, kwa sababu sikulijibu vyema. Kuna seli T za kumbukumbu ambazo, zikishafika mahali penye mapigano, hazirudi kwenye damu. Hukaa ndani ya ukuta kwa miaka. Wapo wanaodhani kwamba ndizo zinazoufanya ugonjwa uamke tena pale pale ulipolala, hata baada ya ukuta kupona na kuonekana laini kwenye kamera. Kama ni hivyo, basi swali la nani alianza linaweza kuwa na jibu moja siku ya kwanza na jibu jingine miaka kumi baadaye: huenda ukuta ulianza, lakini seli ndizo zinazoendeleza.

23. Mfamasia_Barani

Hapo tumekaribiana, Maalim, ingawa sikubali kabisa. Dawa ya vedolizumabu, iliyoruhusiwa 2014, huzuia seli mpya zisiingie kwenye ukuta wa utumbo kutoka kwenye damu, kwa kuziba kishikio chake kiitwacho alfa 4 beta 7. Inawasaidia wengi, hasa wa kolitisi ya vidonda. Kama waendelezaji ni seli zilizokwisha kaa ndani, kuzuia mlango kungesaidia nini?

24. Maalim_wa_Biolojia

Ingesaidia polepole, na ndivyo inavyofanya. Wagonjwa wengi husubiri majuma mengi kabla ya kuona nafuu, hasa wa Crohn. Nami nikuulize: dawa ya etanasepti huzuia TNF sawasawa na infliksimabu, na wagonjwa wa baridi yabisi hupata nafuu kwa zote mbili. Kwa nini etanasepti haikuwasaidia wagonjwa wa Crohn?

25. Mfamasia_Barani

Maelezo ninayoyaamini ni kwamba infliksimabu huishika pia TNF iliyobandikwa juu ya seli zenyewe, na kuzifanya seli T hizo zife, jambo ambalo etanasepti hulifanya kwa udhaifu. Ndiyo, ninajua kwamba maelezo hayo yanauunga mkono upande wako.

26. Mkomani

Ahsanteni nyote. Nimechapisha uzi huu hadi hapa, na nitamwomba daktari wa Mombasa anieleze mambo mawili: kama kinyama kinapaswa kurudiwa kabla ya dawa za TNF kwa ajili ya kifua kikuu, na kama kipimo cha kinyesi cha kalprotektini kinaweza kutumika kufuatilia badala ya kamera kila mara. Mdogo wangu ameyasoma yote. Ameuliza swali lake mwenyewe: alikatwa kidole tumbo akiwa na miaka kumi na minne. Je, kinahusika? Kidole tumbo nacho kimejaa seli za kinga.

27. Maabara_Maweni

Kalprotektini ni protini ya nyutrofili, kwa hiyo hupanda pia mtu akiwa na maambukizo. Kwa mazingira yetu, kinyesi kipimwe amiba siku hiyo hiyo, maana steroidi kwa mwenye amiba zinaweza kutoboa utumbo.

Kuhusu kidole tumbo, mdogo wako ameuliza swali zito. Ni kweli kimejaa seli za kinga, na tafiti za Sweden zilizochapishwa 2001 zilionyesha kwamba waliokatwa kidole tumbo kilichovimba kabla ya miaka 20 hupata kolitisi ya vidonda kwa uchache. Wapo wanaosema ni kwa sababu kikundi cha seli zinazoanzisha ugonjwa kimeondolewa.

28. Bint_Shela

Lakini kinga hiyo, Maabara, ilionekana kwa waliokuwa na kidole tumbo kilichovimba kweli, na haikuonekana kwa waliokatwa kidole kizima kwa sababu nyingine. Kwa hiyo huenda mlinzi ni uvimbe wenyewe wa utotoni, au aina ya seli za kinga alizozaliwa nazo mtu anayepata uvimbe huo, na kisu hakihusiki. Na kwa ugonjwa wa Crohn, ambao ndio alionao kijana wetu, kinga hiyo haikupatikana.